Samaki Mwenye Miguu Minne

Kituo cha Los Matapalos
12 Juni 1994

Shangazi Obdulia, naomba baraka.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti lako limetulia, na Bibi Krispula bado anawafukuza kuku jikoni kwa kofia yake. Mimi sijambo. Mvua zimeanza huku kusini, mto umeshameza bustani ya mpishi, na tangu wiki iliyopita tunaenda chooni kwa mtumbwi. Usicheke, ni kweli. Eleazar, yule daktari wa mifugo niliyekugusia habari zake, anakusalimu sana. Anaisubiri siku utakayomwonjesha jibini yako, maana nimeisifia mpaka amechoka kusikia.

Nisalimie wote nyumbani. Na yule mwingine aliyenizaa, nisalimie naye, kama yupo karibu. Kama hayupo karibu, basi.

Sasa, Shangazi, nina mchezo nataka tuucheze. Hapa kituoni tuna kamera tunazozifunga kwenye miti kando ya njia za wanyama. Mnyama akipita, kamera inajipiga yenyewe. Boti hupeleka filamu mjini zikasafishwe, na picha zikirudi tunakaa mezani kubashiri ni nani huyu, kwa sababu wanyama hawana adabu ya kupigwa picha. Mmoja anatoa sikio tu, mwingine mkia, mwingine anakuja kunusa kioo na kutuachia pua. Anayekosea anaosha vyombo. Mimi siku hizi mikono yangu ni mikavu, lakini sijisifu.

Nimeona nikuingize na wewe. Nakuletea picha, unanitajia mnyama. Ukipatia, nakuletea asali ya nyuki wa huku, wale wasiouma. Ukikosa, unanitumia peremende zako za mapera.

Ya kwanza ndiyo hiyo. Ni nani?

Mwanao,
Yraida


Paso Merecure
3 Julai 1994

Yraida mwanangu, Mungu akubariki.

Barua yako imefika na tope lake, nimeianika jikoni kama nguo. Goti langu linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Bibi yako hajambo, anakula kidogo na kulalamika sana, kwa hiyo ni mzima. Padre Anselmo amenunua pikipiki na ameshaanguka nayo, sasa kanisa zima tunamwombea kila Jumapili na yeye anafikiri ni kwa ajili ya roho yake. Mwambie huyo Eleazar kwamba jibini yangu haitumwi kwa watu nisiowajua sura. Aje mwenyewe nimtazame miguu na meno, si ndiyo kazi yake.

Yule mwingine yupo. Anaamka, anakunywa kahawa, anaenda kwenye banda lake la chumvi, anarudi. Salamu zako nilizisema mezani kwa sauti kubwa. Aliyekuwa anakula aliendelea kula.

Ngoja nikwambie neno moja halafu nifunge mdomo. Hiyo ya "kama hayupo karibu, basi" si salamu. Ni wewe uliyesimama Ijumaa Kuu, mezani kwa baba yako, mbele ya wageni na Padre, ukatangaza kwamba chigwire si samaki, ni panya. Siku hiyo kati ya siku zote, ambayo kula nyama ni dhambi. Nyumbani kwa mtu ambaye kazi yake, na ya baba yake kabla yake, ni kukausha chigwire kwa chumvi ili mji mzima upate kitoweo cha Kwaresima. Unadhani hatukujua ana miguu minne? Tunamchuna sisi, mwanangu, miguu tumeiona. Anaishi majini, anazamia, anaogelea, basi huku kwetu Kwaresima ni samaki na hakuna aliyewahi kulalamika, hata maaskofu waliopita hapa walilamba vidole. Kaka yangu Nicanor akakwambia usirudi mpaka useme ni samaki, nawe ulipoomba baraka mlangoni hakukujibu. Hayo ni yenu wawili. Mimi simo.

Nimeitazama picha yako. Naona matako ya kahawia na kimkia kifupi. Jibu langu: ni Padre Anselmo ameangusha funguo za pikipiki. Kama siye, basi ni nguruwe wa porini.

Shangazi yako,
Obdulia

Peremende nimeziweka kabisa, nikijua nimekosa.


Los Matapalos
30 Julai 1994

Shangazi, naomba baraka.

Peremende zimefika, zimeliwa, na karatasi zake zimelambwa na mtu nisiyemtaja, ila ni daktari wa mifugo. Sisi wazima. Mpishi amehamishia kuku juu ya paa na sasa mayai yanatudondokea. Nimefurahi Bibi analalamika.

Hukupatia, ingawa Padre nilimcheka mpaka nikashika mbavu. Yule ni mbwa wa msituni. Ni mfupi kama kibao cha kukalia, ana uso wa dubu, na anaogelea vizuri kunishinda. Watu wamezeeka hapa mtoni bila kumwona hata siku moja.

Kuhusu ile habari nyingine, Shangazi, nimekusikia. Lakini nifanyeje? Nimekaa chuo miaka mitano nikihesabu meno ya wanyama. Ana manyoya, ananyonyesha, ana meno ya kuguguna yanayoota mpaka afe. Nikisema huyo ni samaki, kesho niseme kuku ni embe. Mwambie akitaka nitasema ni mtamu. Hilo naliamini.

Sasa nakuletea mbili kwa mpigo, maana mto ukijaa zaidi boti haitapita. Moja ni mgongo wenye mabaka meusi na mguu wa nyuma. Nyingine utaona mwenyewe, usiitupe ukidhani filamu imeharibika.

Mwanao,
Yraida


Paso Merecure
2 Oktoba 1994

Yraida mwanangu, Mungu akubariki.

Barua yako ya Julai imefika majuzi. Dereva wa lori anasema ililala kituo cha polisi, ikahamia dukani, ikasahauliwa ndani ya gunia la mchele. Kumbe nilikununia bure mwezi mzima, nikidhani umenichunia. Naondoa yote niliyoyasema juu yako kwa majirani, ingawa mengine yameshafika mbali.

Barabara ilikatika, daraja likaenda. Tuliishi kwa maharagwe mpaka nikawa naota maharagwe. Binti wa muuza mikate ameolewa na yule fundi redio, na harusi ilinyeshewa hadi keki ikaelea. Bibi alicheza dansi akiwa amekaa. Goti langu usiniulize.

Haya, mchezo. Picha yenye mabaka: huyo ni yule mdogo wa majini mwenye mfuko tumboni, anayekaa mashimo ya kingo za mto. Tazama huo mguu wa nyuma, una utando kama wa bata. Tena ni jike na ana watoto ndani. Akizamia, hufunga mdomo wa mfuko watoto wasilowe. Haya, asali yangu.

Picha ya pili ni kisiki. Umepiga picha kisiki, mwanangu. Mnalipwa kwa hiyo?

Hapa hakuna jipya. Yule mwingine ana kikohozi kidogo, sijui kama uliuliza.

Shangazi yako,
Obdulia


Los Matapalos
6 Novemba 1994

Shangazi, naomba baraka.

Asali uliyoshinda inakuja na lori, nusu yake. Nusu nyingine muulize dereva, alipomaliza kuipakia masharubu yake yalikuwa yanang'aa. Maji yameanza kushuka, tumepata tena njia ya kwenda chooni kwa miguu, maisha yamekuwa ya kifalme. Kikohozi kikoje? Sikuuliza kwa sababu sikujua.

Sasa tuongee kama watu wazima. Wewe, Obdulia Tovar, uliyeniita nije kuua nyoka chumbani kwako tukakuta ni mshipi wa gauni, wewe umetazama mguu mmoja wenye ukungu ukajua ni jike, ukajua na mfuko unafungwa. Wenzangu wote hapa walikosa. Mkuu wa kituo aliosha vyombo. Nani amekwambia?

Kama kuna mtu unamuuliza, mfikishie hili: picha ya pili si kisiki. Ni ndege. Anakaa wima juu ya mti uliokatika, anafumba macho, anainua mdomo juu, na anakuwa gogo tangu asubuhi mpaka jioni. Mwambie huyo mtu usiyemuuliza kwamba amekosa na anadaiwa peremende.

Nina habari, Shangazi. Eleazar amenichumbia, nimekubali. Tutafunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Februari, hapa kwenye kikanisa cha kituo. Lazima iwe kabla ya Kwaresima, kwa sababu ikiingia hakuna Padre atakayetufungisha, na ikiisha mvua zinaanza na wageni watakuja wakiogelea. Wewe na Bibi mtakuja, hilo siombi, naamuru. Eleazar ameshatafuta gari zuri la kumbeba Bibi.

Baba mkwe amejitolea kunishika mkono kuniingiza kanisani. Ni mtu mwema, ananuka sabuni, sina neno naye. Nimemwambia asubiri kwanza. Hakuniuliza nangoja nini, nami sikumwambia.

Sitasema uongo kwamba siumii. Naumia. Kila jioni watu hapa wanapiga simu za redio kwao, nasikia kila mmoja anasema "baraka, Baba," na anajibiwa, halafu wanaendelea na habari za ng'ombe. Ni neno dogo tu. Mimi tangu Ijumaa Kuu sijalisikia. Lakini siwezi kurudi nyumbani nikidanganya juu ya jambo ninalolijua, na yeye ndiye aliyenifundisha nisidanganye. Basi. Nimesema.

Nimeweka picha nyingine, mkia tu. Mpe unayempa.

Mwanao,
Yraida


Paso Merecure
11 Desemba 1994

Yraida mwanangu, Mungu akubariki, na kwa habari hii akubariki tena.

Nimelia, nimecheka, nimeenda kumwambia muuza mikate, nimerudi nikalia tena. Bibi yako ameshachagua gauni. Ni lile la kijani alilovaa alipomzika babu yako, anasema linajua kusafiri. Mwambie Eleazar Bibi anakaa mbele na anashika usukani kwa macho, ajiandae kufundishwa kuendesha. Nimempa dereva wa lori ayaka za Krismasi, yale madonge yetu ya unga wa mahindi na nyama, nimezifunga vizuri kwa majani na kuzihesabu mbele yake, masharubu yake na asali yasinichezee tena.

Haya, umenikamata. Nilidhani mimi ni mjanja.

Ilikuwa hivi. Picha zako naziacha mezani kando ya sukari, kana kwamba nimezisahau. Baba yako anaingia kunywa kahawa. Hanitazami, hazitazami picha, anatazama dirishani kama mtu anayesubiri basi. Mimi nageuka kuosha sahani ambazo ni safi. Kisha nasikia anaongea na birika. Anamwambia birika, "Watu wengine hawajui hata mguu wa mnyama wa majini." Kisha anamwambia birika, "Huyo ni jike, ana watoto ndani." Anamaliza kahawa, anaondoka. Mimi nami namuuliza birika kama amesikia vizuri.

Ile ya ndege ilimkaa kooni. Nilipoisoma barua yako kwa sauti, eti namsomea Bibi, alisimama akaenda zake bila kofia. Tangu siku hiyo anapita kwenye uwanda na mfuko wa vijiwe, anakirushia kila kisiki. Majirani wameniuliza kama akili yake ni nzima. Jumatano alirudi anatabasamu peke yake na kumwambia birika kwamba kisiki kimoja kiliruka. Mkia wako anasema ni wa fisi maji mtoto, na kama umetumwa kumtega, mtego ni mwepisi.

Kuhusu harusi nilimwambia usoni, si kwa birika. Aliuliza tarehe. Nikaitaja. Akasema mwezi wa pili ana kazi nyingi ya chumvi. Basi nikamkasirikia, tukakaa siku kadhaa tunaongea na birika wote wawili.

Sasa nakwambia jambo ambalo yeye hatakwambia hata umning'inize kwa miguu, nawe usimwambie nimekwambia.

Si habari ya samaki. Siku ile ulipotangaza, wageni walicheka, Padre alicheka mpaka akakohoa, na kaka yangu alikuwa anaanza kucheka na yeye. Nilimwona. Lakini Bibi aliisukuma sahani. Alisema, "Panya mimi sili." Ile sahani, tangu babu yako afe, Nicanor anampakulia mama yake kabla ya watu wote, kwa mkono wake, kila Ijumaa ya Kwaresima, anamchambulia mifupa midogo, anasimama mpaka aonje. Siku ile akasimama na sahani mkononi, na mama yake amegeuza uso.

Tangu hapo Bibi hali kitu chochote kinachotoka mkononi kwa Nicanor. Hata akimpikia kuku anamuuliza, "Huyu ndiye yule panya?" Anamwambia, "Asante, nimeshiba," na dakika hiyo hiyo ananiomba mimi maharagwe. Naye anarudi jikoni na ile sahani, anaila mwenyewe akiwa amesimama. Bibi hafanyi kwa ubaya, ni uzee na hofu ya dhambi zimeshikana. Lakini mwanangu, mwanamume mzima, kula akiwa amesimama sahani ya mama yake, na mimi niko pale pale najidai naosha vyombo.

Hivyo ndivyo ilivyo. Krismasi njema.

Shangazi yako,
Obdulia


Los Matapalos
8 Januari 1995

Shangazi, naomba baraka.

Ayaka zimefika zote. Dereva aliapa kwa mama yake kwamba hakugusa, akaniomba moja, nikampa. Sisi wazima. Eleazar anashona kitufe cha suti yake tangu juzi na kitufe kinashinda.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaenda kukaa mtoni. Sikujua, Shangazi. Nilijua nimemkera. Sikujua kwamba sahani ya Bibi ilirudi.

Tafadhali mkalishe Bibi, mpe kahawa, msomee haya kama nilivyoandika:

"Bibi, naomba baraka. Mimi Yraida nimesoma meno na vidole vya wanyama. Kwa meno na vidole, chigwire ni wa ukoo wa panya, na hilo siwezi kulibadilisha. Lakini kipi kiliwe Ijumaa na kipi kisiliwe, hilo halimo katika vitabu vyangu, na sikuwa na haki ya kulisema mezani kwa watu. Hilo aulizwe Baba, kwa sababu ndiye anayelijua, kama babu alivyolijua. Umekula kwa mkono wake miaka yote na hukuwahi kutenda dhambi. Kula, Bibi. Mjukuu wako aliyesoma anakuomba ule."

Na hii picha, Shangazi, usiiache kando ya sukari. Mpe Baba mkononi. Kamera ya kivukoni iliipiga Desemba, asubuhi, maji yakiwa kimya. Utaona pua, macho na masikio juu ya maji, basi, mengine yote yako chini. Mwambie ndiyo picha yangu ya mwisho kabla ya harusi, na safari hii namuuliza yeye mwenyewe, si birika. Jibu atakalolitoa ndilo nitakaloliandika nyuma ya picha na kulibandika ukutani kituoni, wenzangu wacheke wakitaka. Akisema ni samaki, naandika samaki, na vyombo nitaviosha mimi.

Sijamjibu baba mkwe.

Mwanao,
Yraida


Paso Merecure
Alhamisi, 9 Februari 1995

Yraida mwanangu, Mungu akubariki.

Goti halijambo, Padre hajaanguka mwezi huu, na gauni la kijani limepigwa pasi. Hizo ndizo habari, sasa acha nikupe habari.

Barua yako ililetwa Jumapili. Nikamkalisha Bibi, nikampa kahawa, nikamsomea. Nicanor alikuwa mlangoni anafunga magunia, na nakuhakikishia gunia moja alilifunga tangu mwanzo wa barua mpaka mwisho. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akaniuliza:

"Kwa hiyo ni panya au si panya?"

Nikamwambia, "Kwa meno ni panya, Mama. Kwa Ijumaa ni samaki."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumapili."

Akafikiri. "Jumapili hata panya ana nafuu," akasema. Kisha akamwita mwanawe, "Nicanor, ulichopika mchana kimebaki? Mimi na haya meno yangu mawili tuna njaa. Huyo mtoto anajua kila kitu ila wakati wa kunyamaza, kakurithi wewe."

Alileta sahani. Alimchambulia mifupa, akasimama pale kama zamani. Bibi akaonja, akatafuna, akatutazama wote, akasema imepungua chumvi. Kumwambia Nicanor Tovar chumvi imepungua, mwanangu, ni kama kumwambia Padre hajui kusali. Yeye akacheka. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia, na akakaa chini kula na sisi.

Baada ya hapo nikampa picha mkononi, kama ulivyoagiza, nikamwambia maneno yako yote, na ile ya ukutani. Alinawa kwanza. Akavaa miwani, akaenda nayo dirishani. Kile kichwa juu ya maji, Yraida, hata mtoto mchanga wa mji huu anakijua. Baba yako amekiona kila siku ya maisha yake. Alisimama nacho mpaka kahawa ikapoa.

Nikamuuliza, "Haya, ni nani?"

Akasema, "Simjui."

"Humjui?"

"Simjui huyu. Picha haiko wazi." Akaiweka mfukoni mwa shati, upande wa kushoto, akafunga kifungo. "Itabidi niende nikamuulize aliyeipiga."

Jumatatu akatoa suti yake nyeupe ya sherehe sandukuni. Haifungi tumboni. Nimeipanua kwa kitambaa cha pazia, usiangalie mgongoni. Jumanne ni siku ya mkosi, hakuna anayeanza safari, Jumatano alizunguka nyumba akinipa maagizo ya banda la chumvi kana kwamba anaenda vitani. Mimi na Bibi tutakuja wiki ijayo na gari la Eleazar. Yeye amekataa kutusubiri. Anasema ana swali la kuuliza na haliwezi kungoja.

Kwa hiyo barua hii haina stempu, kama hujaona bado. Sikuipeleka posta. Aliyekukabidhi hajui nilichoandika, nimeigundisha pande zote na kumwapisha kwa jina la mama yake. Saa hii anatazama mto na kujidai hakuoni unasoma, na muda si mrefu atasema maji yameshuka sana mwaka huu. Usimngojee aanze yeye, atasimama hapo mpaka harusi ipite.

Acha kusoma, mwanangu. Inua uso, umwombe baraka.

Shangazi yako,
Obdulia